Ahadi ni Deni: Wastaafu Wawili Wasafiri hadi Ziwa Tanganyika

Na Mwandishi Wetu

ZIKO ahadi ambazo mume na mke hupeana wakiwa vijana, na ambazo hakuna shahidi anayezisikia. Hazisomwi msikitini wala kanisani, na katika cheti cha ndoa hakuna mstari wa kuziandika. Hutamkwa jioni moja barazani, wakati mtoto wa kwanza bado yu tumboni na mshahara wa mwezi bado haujaisha. Mume husema, "Ipo siku nitakupeleka." Mke hucheka, akaamini. Kisha huja watoto, ada za shule, misiba na uhamisho wa kikazi, na ile ahadi hukaa pale pale ilipowekwa, kama koti la arusi ndani ya sanduku.

Ninaandika habari ya ahadi moja ya namna hiyo, kwa kuwa nilipata bahati ya kuishuhudia ikilipwa. Ilitolewa mwaka 1981 na kulipwa mwezi Julai mwaka 2023. Mdaiwa alikuwa Baba Mkubwa, dereva wa garimoshi aliyestaafu. Mdai alikuwa Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu. Deni lenyewe lilikuwa safari ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kwenda kuliona Ziwa Tanganyika.

Msomaji atauliza: mke wa dereva wa garimoshi alikosaje kupanda garimoshi? Hakukosa. Katika miaka yote ya kazi, Baba Mkubwa alipata pasi za kusafiria likizo yeye na familia yake. Lakini pasi hizo, kila zilipotoka, zilikuta shughuli inazingoja: kumpeleka mtoto shuleni, kumuuguza mkwe, kuzika. Mama Mkubwa alifika Morogoro, Kilosa kwao, na mara mbili Dodoma. Nchi iliyo mbele ya hapo aliijua kwa jina la mizigo iliyotoka huko: asali ya Tabora, chumvi ya Uvinza, dagaa na mawese ya Kigoma. Mumewe alikuwa akileta vitu hivyo kila aliporudi, na yeye akavigawa kwa majirani. Aliila nchi nzima ya magharibi bila ya kuiona.

KIINUA MGONGO

Baba Mkubwa aliingia kazini mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuundwa kwa Shirika la Reli Tanzania. Alianza kama kibarua wa karakana, akawa msaidizi wa dereva, kisha dereva. Alistaafu mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Ndio pia umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee. Hivyo mtu huamka asubuhi moja akiwa amepoteza kazi na kupata cheo cha uzee kwa siku hiyo hiyo.

Lugha yetu imeyaita malipo ya kustaafu "kiinua mgongo", na aliyelibuni neno hilo aliwajua wafanyakazi. Mgongo umeinama miaka thelathini na zaidi, basi na uinuliwe. Lakini mara nyingi fedha hiyo huinua migongo ya wengine kwanza. Ya Baba Mkubwa ilimalizia nyumba ya Tabata, ikalipa ada ya chuo ya kitinda mimba, na iliyobaki ikanunua mashine ya kusaga nafaka aliyoletewa na kijana mmoja wa ukoo kama biashara isiyokuwa na hasara. Mashine ilisaga miezi minane. Sasa imefunikwa turubai nyuma ya nyumba, na kuku hutagia juu yake.

Habari ya fedha, hata hivyo, haikuwa kubwa kuliko habari ya wao wawili. Kwa miaka 11, kuanzia mwaka 1985 hadi mwaka 1996, Baba Mkubwa alikuwa na kituo chake Tabora, naye Mama Mkubwa alibaki Dar es Salaam, kwa kuwa alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo na watoto walikuwa shuleni. Waliandikiana barua. Walionana likizo kwa likizo. Hata baada ya kurudishwa pwani, Baba Mkubwa alikuwa mtu wa kuondoka usiku na kurudi mchana kulala. Sasa mume huyo wa vipindi akawa mume wa kutwa kucha.

"Nilikuwa nimezoea kumngoja," Mama Mkubwa aliniambia. "Sikuwa nimezoea kuwa naye."

Bwana mkubwa aliamka saa kumi alfajiri, akavaa, akaketi sebuleni na saa yake mkononi kana kwamba anangoja filimbi. Alizipanga upya sufuria za jikoni kwa ukubwa, kama vifaa vya karakana. Aliuliza kwa nini maharage yalichukua saa mbili leo na jana saa moja na nusu. Mkewe alivumilia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alianza kwenda kwa jirani bila ya kuwa na shida kwa jirani. Si wao peke yao. Katika mitaa yetu ya mijini wako wazee wengi walioishi pamoja miaka arobaini na ambao hawajawahi kukaa pamoja. Kazi ndiyo iliyowaoza, na kazi inapoondoka hubaki wageni wawili wenye watoto wa pamoja.

UPATU WA MIAKA MIWILI

Jambo la safari lilizushwa na Mama Mkubwa mwenyewe, jioni moja watoto wakiwa wamekuja kusalimu. Vijana walikuwa wakijadili kama baba yao auze ile mashine na kununua bodaboda ya kukodisha. Mama akawasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Kabla ya bodaboda, baba yenu ana deni langu. Aliniahidi Kigoma."

Watoto walicheka. Baba Mkubwa hakucheka. Aliitazama sakafu, akasema, "Ni kweli."

Wako waliosema kwamba huo ni utoto. Mzee ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, mama ana magoti mabovu na shinikizo la damu. Safari ya kilomita zipatazo 1,250 kwa garimoshi ni ya nini? Kama ni ziwa, si wakalione katika televisheni? Mama Mkubwa hakubishana na mtu. Alikuwa ameanza kuweka fungu lake la upatu tangu miaka miwili nyuma, na fedha aliyonionyesha, iliyofungwa ndani ya kitambaa katika kopo la maziwa, ilitosha nauli za watu wawili na posho ya juma moja. Kwa kuwa alijua kwamba watoto hawatakubali waende peke yao, aliniomba mimi nifuatane nao. Nilichukua likizo.

Walichagua mwezi Julai, na walikuwa na sababu. Masika yanapokuwa makali, sehemu ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, inayofuata bonde la mto Mkondoa, huweza kuchukuliwa na maji, kama ilivyotokea katika mafuriko makubwa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010. Kipupwe ni majira ya amani kwa msafiri. Walikwenda zahanati kupima, wakachukua dawa za majuma matatu ingawa safari ilikuwa ya juma moja, wakazigawa katika mifuko miwili ili mmoja ukipotea usipotee uhai. Hayo nayaandika kwa faida ya msomaji mwenye wazazi wanaotaka kusafiri.

WATENGANISHWA NDANI YA BEHEWA

Tulipanda jioni. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo dereva mstaafu alilijua vyema lakini alikuwa amelisahau, kwa kuwa dereva hakai behewani. Katika daraja la pili la kulala, chumba kimoja kina vitanda sita, na wanaume hulala mbali na wanawake, isipokuwa watu wawe wamekata chumba kizima. Sisi tulikuwa watatu tu. Kwa hiyo Baba Mkubwa akapelekwa chumba cha wanaume mwishoni mwa behewa, sisi tukaingia cha wanawake.

"Miaka arobaini na miwili ya ndoa," alisema Mama Mkubwa akipanga vikapu chini ya kitanda, "na hata siku ya safari yetu analala kwingine."

Wanawake wanne tuliowakuta mle walicheka sana, na tangu hapo chumba kikawa kimoja. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akirudi Kigoma. Mmoja alikuwa mwalimu aendaye Urambo. Wawili walikuwa mama na binti waendao Tabora arusini. Maongezi ya garimoshi hayana baraza mfano wake. Kabla hatujafika Ruvu tulikuwa tumekwisha kujua nani ameolewa mara ngapi.

Baba Mkubwa hakuridhika na kutengwa. Kila garimoshi lilipopunguza mwendo, tulisikia hatua zake ujiani, kisha kidole kikagonga mlango mara mbili. "Mama watoto, hii ni Soga." "Mama watoto, Ngerengere." Hakuwa akitazama nje, kwanza kulikuwa na giza, na pili macho yake hayangemsaidia hata mchana. Alizijua stesheni kwa miguu: kwa jinsi magurudumu yanavyoimba juu ya daraja, kwa kona, kwa mlima unavyomvuta mtu nyuma. Binti wa arusini aliuliza kama mzee yule ni mfanyakazi wa reli. "Alikuwa," alijibu Mama Mkubwa. Kisha akasahihisha. "Ni."

KILOSA USIKU WA MANANE

Baada ya Morogoro wote walilala. Mimi nililala pia, na sijui ilikuwa saa ngapi nilipoamshwa na ukimya. Garimoshi lilikuwa limesimama. Kitanda cha Mama Mkubwa kilikuwa kitupu. Nilipochungulia ujiani niliwaona wamesimama dirishani, bega kwa bega, shuka moja imewafunika wote wawili. Hakuna aliyekuwa akisema. Nje kulikuwa na taa moja ya stesheni, na sauti ya mwanamke akiuza chai.

Ilikuwa Kilosa. Hapo, upande wa pili wa mto, ndipo alipozikwa mtoto wao wa tatu.

Habari hiyo katika ukoo wetu hutajwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1989 Mama Mkubwa alikwenda likizo kwao na watoto. Mtoto wa miaka minne alishikwa na malaria, na siku ya tatu akafariki. Simu ya maandishi ilipelekwa Tabora. Baba Mkubwa alifika Kilosa siku ya tano, matanga yameanuliwa, kaburi limekwisha kukauka. Mama Mkubwa alimpokea, akampa maji ya kuoga, akampakulia chakula. Hakumlaumu siku hiyo, wala baadaye. Nilipokuwa msichana niliambiwa kwamba huo ndio ustahimilivu wa mwanamke. Sasa ninajua kwamba kutolaumu si lazima kuwe ni kusamehe. Kwaweza kuwa ni mlango uliofungwa taratibu, bila ya kishindo.

Filimbi ikapigwa, tukaondoka. Mama Mkubwa alirudi kitandani akajifunika uso. Hakulala, nami nikajifanya nimelala.

NCHI YAFUNGUKA

Mchana uliofuata ulikuwa wa kutazama. Ugogoni upepo ulikuwa mkali na nchi nyekundu, mibuyu imesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Dodoma tulinunua zabibu. Baada ya Bahi na mashamba yake ya mpunga tulifika Saranda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambako wasafiri wa reli hii wamekuwa wakila kuku tangu zama za wazee wetu. Akina mama walikuja mbio na masinia kichwani, na kwa dakika chache behewa zima lilinukia mchuzi. Baba Mkubwa alichagua paja, akamletea mkewe dirishani kwetu akipitia nje, kama kijana anayechumbia.

Kutoka Saranda garimoshi hupanda mlima kuelekea Manyoni, likizunguka na kunguruma. Hapo mzee aligeuka mwalimu. Alitueleza kwamba dereva hatoki na garimoshi Dar es Salaam akafika nalo Kigoma, bali madereva hupokezana kipande kwa kipande. Kwamba njia ni moja tu, hivyo garimoshi moja hungoja stesheni hadi jingine lipite. Kwamba Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwaka ule ule vita ilipoanza. Kila taruma lilibebwa na jasho la vibarua wa nchi hii. Binti wa arusini, aliyekuwa akichezea simu yake tangu Morogoro, aliizima akasikiliza.

Usiku tuliingia Tabora. Garimoshi husimama hapo kwa muda mrefu, kwani mabehewa ya Mwanza huachana na ya Kigoma. Mama Mkubwa alisema anataka kushuka. Tulimshika mikono, magoti yakimuuma, akatembea juu ya jukwaa la stesheni akitazama kila kitu: taa, mabenchi, miembe mikubwa gizani.

"Nyumba yako ilikuwa upande gani?" aliuliza.

Baba Mkubwa alionyesha kwa mkono. "Kule, nyuma ya karakana. Chumba kimoja."

"Na simu ililetwa wapi?"

Mzee alikaa kimya kidogo. Kisha alisimulia, na kwa namna alivyosimulia nilijua kwamba hajapata kuyasema maneno hayo. Simu ililetwa chumbani mchana. Yeye alikuwa ameondoka alfajiri na garimoshi la mizigo kwenda Kigoma. Mwenzake wa chumba aliiweka juu ya mto wa kitanda. Garimoshi lilikwama njiani siku nzima likingoja mengine kupita, likashusha mzigo Kigoma, likapakia, likarudi. Aliingia chumbani siku ya tatu akiwa mweusi kwa mafuta, akaikuta ile karatasi. Hakuoga. Alipanda garimoshi la kwanza la kwenda pwani na nguo zile zile.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Ningekuambia nini, mke wangu? Ulikuwa umezika peke yako. Maelezo yangekuwa kama kujitetea."

Filimbi ya kutuita ikalia. Hakuna aliyesema zaidi.

"NI MBALI"

Kutoka Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400. Kulipopambazuka tulikuwa ndani ya misitu ya miombo, mizinga ya nyuki ikining'inia matawini. Mwalimu alikuwa ameshuka Urambo usiku. Mama Mkubwa alikaa dirishani tangu alfajiri, hakutaka chai. Garimoshi lilikwenda, likasimama, likangoja, likaenda tena. Msitu ukaisha, ukaja mwingine. Tukafika Nguruka, tukauziwa samaki. Tukavuka Malagarasi. Bado. Karibu na Uvinza, kunakopikwa chumvi tangu kabla ya wakoloni kuja, mumewe alikuja kugonga mlango ili ataje stesheni kama kawaida yake. Mama Mkubwa alimwashiria aketi karibu naye, na wenzetu wakampisha.

"Baba watoto," alisema, macho yake yakiwa bado nje, "ni mbali."

"Ni mbali," alijibu mzee.

"Miaka thelathini na minne nimekuwa nikisema moyoni, mtu akitaka kufika atafika. Sikujua kwamba ni mbali hivi."

Baba Mkubwa alivua miwani yake akaifuta, ijapokuwa haikuwa na vumbi. Hapo nilielewa kwamba Mama Mkubwa hakuwa ameweka akiba miaka miwili ili aone ziwa. Alitaka kuipima kwa mwili wake ile njia iliyomzuia mumewe, stesheni kwa stesheni, ili ajue kama haki yake ya kukasirika ilikuwa na kipimo sahihi. Mambo mengine katika ndoa hayaelezeki kwa maneno. Hulazimu mtu ayafuate hadi yaliko.

ZIWA NA MELI YA WAZEE

Tulifika Kigoma mchana. Stesheni yenyewe ni jengo kubwa la enzi ya Wajerumani, na kutoka mlangoni mwake ziwa laonekana. Ziwa Tanganyika lina urefu upatao kilomita 670, na kwa kina ni la pili duniani baada ya ziwa Baikal la Urusi. Pahali penye kina kirefu hufikia karibu mita 1,470. Nchi nne hunywa maji yake: Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mama Mkubwa, mtoto wa Kilosa aliyezeekea pwani, aliingiza mkono majini akaonja. "Bahari iliyosahauliwa chumvi," alisema.

Tulikaa siku tatu katika nyumba ya wageni ya bei nafuu. Tulikwenda Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa, tukaona mahali panapokumbukwa Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Tulikwenda Kibirizi kutazama dagaa wakianikwa. Usiku tuliona taa za wavuvi ziwani, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza la mwezi, na kutoka kilimani zilionekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Mbuga ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, hatukwenda. Milima yake si ya magoti ya Mama Mkubwa. Hakusikitika. Alisema msafiri mzee hula kinachotafunika.

Kilichowavuta zaidi ni meli ya Liemba, ambayo mwaka ule ilikuwa imetia nanga bandarini ikisubiri matengenezo makubwa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa nchi kavu. Iliteremshwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, wakikimbia, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini mafundi walizipaka mashine grisi kwanza ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba.

Baba Mkubwa aliisikiliza hadithi ile kifundi. "Hao walioipaka grisi," alisema, "walijua kwamba kitu kinaweza kuzama miaka minane na bado kikafaa." Mkewe alimtazama kwa jicho la pembeni, akatabasamu, akasema, "Thelathini na minne."

Jioni ya mwisho walikaa juu ya gogo ufukweni, nami nikakaa mbali kidogo. Milima ya Kongo ilionekana kwa mbali, hafifu, jua likishuka nyuma yake. Baba Mkubwa alikuwa ameliona ziwa hilo mara zisizo na idadi, lakini sasa macho yake yaliona mng'ao tu. Nikamsikia mkewe akimweleza: "Kuna mtumbwi, una watu watatu. Mmoja amesimama. Milima ni miwili, mmoja nyuma ya mwenzake. Jua limegusa ule mkubwa." Njia nzima yeye ndiye aliyekuwa akimtajia mkewe stesheni gizani. Sasa ilikuwa zamu ya mke kumtajia mumewe ziwa.

NENO KWA WASOMAJI

Tangu safari ile mambo ya reli yamebadilika. Mwezi Juni mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kwenda Morogoro, na Julai mwaka ule ule ikafika Dodoma, mwendo wa saa chache badala ya usiku mzima. Mkataba wa ujenzi wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwaka 2022. Watoto wetu watafika ziwani upesi kuliko sisi, na hilo ni jambo la kufurahia. Wafanyakazi wanaoishi mbali na jamaa zao watawahi mazishi ya watoto wao.

Lakini kasi ya treni haimtoi mtu nyumbani kama mwenyewe hajakata shauri. Katika dawati langu hupokea barua nyingi za wafanyakazi wanaokaribia kustaafu, na karibu wote huuliza kuhusu fedha: wanunue nini, wafuge nini, wajenge wapi. Maswali hayo ni ya haki. Ni wachache mno wanaouliza: nitaishi vipi na mke wangu? Ni nini nilichomwahidi? Nani ninayemdai neno ambalo hajalisema?

Si lazima iwe Kigoma. Kwa wengine deni laweza kuwa kijiji cha umbali wa nauli ndogo, au kaburi moja, au nyumba ya kwanza mliyopanga. Wekeni akiba ya safari hiyo kando, kabla ya mashine ya kusaga. Nendeni wakati magoti bado yanakubali ngazi za behewa. Na ninyi watoto, msiwacheke wazazi wanapotaja mahali. Hamjui wanakwenda kutafuta nini.

Baba Mkubwa alipasuliwa jicho la kwanza miezi michache baada ya kurudi, na sasa anasoma gazeti bila ya kuomba msaada. Bado huamka saa kumi alfajiri. Tofauti ni kwamba Mama Mkubwa naye huamka, akapika chai, wakanywa pamoja kabla majogoo ya jirani hayajamaliza. Nilipowatembelea mara ya mwisho niliwakuta wakibishana kuhusu njia ya Mwanza, ile itokayo Tabora, iliyokamilika mwaka 1928. Mzee anasema twende Julai. Mama anasema safari hii watakata chumba kizima, hata kama itambidi acheze upatu miaka mitatu.

Kopo la maziwa limerudi juu ya kabati. Nililitikisa kidogo nilipokuwa nikiaga. Halikuwa tupu.